Hodi Mbili Mtoni

"Kikao cha Mashauriano baina ya Serikali Kuu na Serikali ya Jimbo kuhusu Ubao Mmoja Uliong'oka katika Daraja la Waenda kwa Miguu." Ndugu zangu, hilo ni jina la kikao. Ubao wenyewe ulikuwa mfupi kuliko jina.

Katika nchi moja kulikuwa na serikali kuu, na kila jimbo lilikuwa na serikali yake. Mto ulikuwa wa serikali kuu. Njia ya kwenda zahanati ilikuwa ya jimbo. Daraja je? Siku ya uzinduzi wote walikuwa wenyeji, wakagombea mkasi wa kukatia utepe. Ubao wa katikati ulipong'oka, wote wakawa wageni.

Basi mkurugenzi wa serikali kuu akasimama ng'ambo hii, waziri wa jimbo akasimama ng'ambo ile, upande wa zahanati. Kila mmoja na mwanasheria wake. Nanyi mnajua desturi yetu: anayebisha hodi ni mgeni, anayeitikia karibu ndiye mwenye nyumba. Na mwenye nyumba ndiye atakayeleta ubao.

"Hodi!" akaita mkurugenzi.

"Hodi na huku!"

"Mheshimiwa, mimi nimetangulia kubisha."

"Ungetangulia na misumari, mzee, tungekuandalia na chai!"

Mwanasheria akamvuta waziri koti. "Chonde, mheshimiwa. Lolote litakalotokea, usiitikie karibu."

Mmewahi kuona nyumba ambayo watu wote wako nje, wanabisha?

Ndipo akafika mama mjamzito, uchungu umeshamshika, ameegemea bega la mama mkwe wake. Pengo lile kijana angeliruka. Yeye angelirukaje? Na mto ulikuwa unakwenda kasi, maji ya kiunoni.

"Subirini kidogo, mama," mkurugenzi akasema. "Tuko kwenye mashauriano."

"Mimi nimekusikia, baba," akajibu mama mkwe. "Anayetakiwa kusubiri ni mtoto. Inama hapa umwambie mwenyewe."

Mjamzito akashika nguzo ya daraja, akapiga ukelele. Na kule ng'ambo waziri akasahau sheria yote.

"Mleteni! Karibu, mama! Karibu!"

Mwanasheria akashika kichwa. Waziri alikwisha kuingia majini na viatu vyake. Mkurugenzi naye akambeba yule mama, akaingia kutoka upande huu. Wakakutana katikati, mmoja akashika mabega, mwingine miguu, wakavuka naye. Mnadhani pale katikati kuna aliyeuliza mto ni wa nani?

Tunawacheka, sivyo? Haya, na paa la jiko letu hapa kanisani? Kina baba wanasema jiko ni la kina mama. Kina mama wanasema paa ni kazi ya kina baba. Mvua haijaambiwa. Kugawana kazi ni jambo jema. Hata Musa aliwagawia kazi wakuu wa maelfu na wakuu wa kumi. Lakini sijasoma popote kwamba walimwacha mtu jangwani huku wakijadili ni wa kundi gani. Wewe unayejua mpaka wa kazi yako, unamjua aliyekwama juu ya mpaka huo?

Mnataka kujua mwisho wake. Mama alijifungua salama, mtoto wa kike. Ubao haukuwekwa siku ile. Kikao kiliahirishwa kwa sababu wajumbe walikuwa wamelowa.