Ubao wa Mapengo Matatu

Arobaini hunywa, sitini humeza mate. Mmeusikia msemo huu mkutanoni mkacheka, na sasa mnauliza ulikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Kijiji cha Ngofi kilikuwa na kaya mia na mfereji mmoja utokao mlimani. Pale maji yalipogawanywa palikuwa na ubao wa mninga wenye mapengo matatu: la vidole vinne kwa kaya arobaini za Juu, la vidole vitatu kwa thelathini za Kati, na jingine kama hilo kwa thelathini za Chini. Aliyeuchonga ni Mrindoko wa Chini. Miaka ishirini hakuna aliyegombana na jirani yake kwa maji.

Ikaja kamati ya kijiji, ya watu kumi. Kila upande ulitoa majina yake, kila kaya ikapiga kura moja, na sheria ikasema upande utakaoongoza uchukue viti vyote. Juu wakapata arobaini, wengine thelathini thelathini. Kiariro wa Juu akaketi na ndugu zake tisa.

"Bwana Kiariro," Mrindoko akasema, "vigaweni viti kama maji. Ninyi vinne, Kati vitatu, sisi vitatu."

"Mzee, umeona wapi mbio zenye washindi watatu?"

"Sikuja kukimbia. Nina maharage shambani."

Watu wakacheka, hata wa Chini. Walidhani ni viti tu.

Kiangazi kikaingia. Asubuhi moja Mrindoko alikuta mfereji wake mkavu, na maharage, chakula cha mwaka mzima cha wanawe, yamelegea yakiwa na maua. Akapanda hadi kwenye mgawanyo. Ubao wake ulikuwa umetupwa kando, na midomo ya mifereji ya Kati na Chini imezibwa kwa mawe na udongo. Kiariro alikuwa ananawa miguu.

"Nani ameziba?"

"Kamati. Tumepiga kura, Mzee, kihalali kabisa. Kumi kwa sifuri."

"Na sisi sitini?"

"Ninyi mlishapiga yenu."

Mrindoko alitaka kutukana, lakini koo lilikuwa limekauka. Akameza mate kwanza.

"Haya. Arobaini hunywa," akasema, "sitini humeza mate."

Akauokota ubao, akaubeba begani hadi nyumbani. Hakuna aliyemzuia, haukuwa na kazi tena. Maharage hayakufika wiki ya pili.

Ubao wenyewe ndio huo mlioukalia, ulitiwa miguu baadaye ukawa benchi. Pitisheni vidole ukingoni, mtayagusa mapengo yote matatu. Na mkiitwa kupiga kura, ulizeni kwanza viti vitagawanywaje.

Arobaini hunywa, sitini humeza mate.