Jenerali na Beseni la Mchele

Wahenga hawakuwa na mzaha walipoutaja uvungu wa kitanda. Kilichoko mvunguni hakimfuati mtu aliyesimama wima, awe na cheo gani, awe na kiuno kigumu kiasi gani. Wengi wetu tunalijua hilo kwa mdomo. Kiuno ndicho kinachochelewa kulijua. Mmoja wa waliochelewa alikuwa mpishi mkuu wa hoteli kubwa, ambaye watu wa jikoni kwake walimwita Jenerali.

Jina hilo halikumjia bure. Alikuwa mrefu, kifua mbele, kofia nyeupe imepigwa pasi, na kwa miaka kumi na mitano hakuwa ameosha hata kikombe. Kazi yake ilikuwa kuonja na kuamrisha. Kuuliza kulikuwa sumu kwake. Aliamini kwamba mkuu akiuliza jambo mbele ya wadogo, ukuu wake umeanza kuvuja. Asichokijua alikizungukazunguka mpaka wengine wakadhani anakijua.

Siku moja tajiri mwenye hoteli alimwita ofisini. Alitaka kufungua mgahawa wa Kijapani ghorofa ya juu.

"Nenda ng'ambo," alimwambia. "Kuna mgahawa mmoja huko, wageni wangu hawaishi kuusifu. Kula pale siku saba, kisha uniambie mambo mawili. Chakula chao kinastahili bei ile? Na wewe unaweza kukipika? Kama huwezi, sema. Nitamleta anayeweza, naye ndiye atakuwa mkuu wa jiko zima."

Jenerali alijibu kwamba hajazaliwa mpishi wa kumshinda. Alipofika nje ya mlango, kola ilikuwa imelowa jasho. Alikuwa na mke na watoto watatu, na umri wa miaka hamsini ulikuwa unabisha hodi. Nani angempokea mpishi aliyevuliwa kofia uzeeni?

Ng'ambo alifikia kwa dada yake, aliyefanya kazi ya udobi katika mji ule kwa miaka mingi. Mgahawa wenyewe ulikuwa chumba kimoja chenye viti vinane mbele ya kaunta ya mbao, bila maua wala muziki. Nyuma ya kaunta alisimama mama mmoja wa Kijapani, mfupi, mwenye mvi, kisu mkononi. Alikuwa akifinyanga tonge dogo la wali, akalaza kipande cha samaki mbichi juu yake, akamwekea mteja. Mteja alikula, akasubiri jingine. Hakuna aliyeagiza, ulipewa alichoona mama kinafaa siku hiyo. Baada ya matonge kumi na mawili na bakuli la supu, Jenerali aliletewa bili, akaisoma akidhani amepewa ya watu wote wanane.

"Wizi wa mchana kweupe," alimwambia dada yake. "Nimetoka na njaa yangu. Na wali wenyewe si wa moto, si wa baridi. Vuguvugu, kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga."

"Mbona umeula wote, kaka?"

Hapo ndipo raha ilipomtoka Jenerali. Samaki aliwajua; kukata alijua tangu ujana. Lakini tangu atoke pale ulimi wake ulikuwa ukiurudia ule wali. Kila punje ilisimama peke yake, na bado tonge lilishikana. Likifika mdomoni likafumuka lenyewe. Alikuwa amepika wali maisha yake yote na hakujua umefanywaje.

Alirudi siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Alivaa suti, akaketi kiti cha mwisho, akachungulia. Aliandika mambo kwenye kikaratasi chini ya kaunta. Siku moja alilificha tonge zima kwenye kitambaa cha mkononi ili akalichunguze nyumbani, likafika limekauka kama kokoto. Akanunua mchele, siki na sukari, akaliteka jiko la dada yake. Sufuria ya kwanza ilitoka uji. Ya pili ilishikana hata mwiko ukasimama wenyewe katikati.

Dada aliionja, akatafuna kwa muda mrefu.

"Kaka, nisamehe. Hii ni gundi."

"Mchele wa huku ni mbaya."

"Yule mama anapika mchele wa wapi? Si wa huku huku? Kamuulize."

"Nimuulize?" Jenerali aliweka mwiko chini. "Mimi, mkuu wa wapishi arobaini, nikaulize namna ya kupika wali?"

"Wapishi arobaini hawapo hapa," dada alisema. "Tupo mimi, wewe na hii gundi."

Siku ya tano tajiri alipiga simu. Akauliza kama chakula kinastahili bei. Jenerali, kwa shingo upande, akasema kinastahili.

"Na unakiweza?"

"Nakiweza, mzee."

"Safi sana. Unarudi Jumapili. Jumatatu utanipikia mimi na washirika wangu kumi."

Uongo ule ulikuwa umemtoka kwa wepesi kama pumzi, lakini haukumwacha apumue. Akilini aliwaona washirika kumi wamekaa mbele ya sahani za gundi, na tajiri anamtazama.

Kesho yake alifika mgahawani kabla haujafunguliwa. Mama yule alikuwa akifagia kizingiti. Wote wawili waliisema lugha ya mji ule kwa kuchechemea, na Jenerali alikuwa amepanga hotuba ndefu inayoanza na cheo chake. Yote ilimpotea.

"Mama," alisema, "mimi ni mpishi. Wali wako umenishinda. Naomba unifundishe."

Mama aliegemeza ufagio ukutani. "Najua wewe ni mpishi. Wageni huwatazama samaki. Wewe uliutazama wali, kisha ukauiba."

Jenerali aliinamisha macho. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Kwa nini hukuuliza siku ya kwanza?"

"Niliona haya."

"Haya imekula siku zako tano," mama alisema, akampa aproni.

Karo la jikoni lilijengwa kwa kimo cha mama, na ili mikono ifike kwenye beseni Jenerali alilazimika kujikunja kama kisu cha mfukoni. Alimwagia mchele maji, akausugua kwa nguvu. Mama alimshika mkono.

"Mchele mkavu una kiu," alisema. "Maji ya kwanza ndiyo unayoyanywa, na hayo ndiyo machafu. Yamwage upesi. Halafu unausugua kama sufuria iliyoungua. Punje zinavunjika, na punje zilizovunjika ndizo gundi yako. Huu tutakula mimi na wewe. Anza upya."

Alianza upya. Mchana wateja wakaingia, wakiwemo wawili waliokuwa wameketi karibu naye akiwa na suti. Walimwona amepinda juu ya karo, mikono ya shati imekunjwa. Mmoja akatabasamu. Jenerali alitamani ardhi ipasuke, lakini maji ya nne yalikuwa bado hayajatakata, akaendelea.

Jioni aliuliza swali la pili la siku hiyo. "Jumatatu nitaweza?"

"Hapana. Mimi ilinichukua miaka miwili. Wewe umezoea jiko. Labda miezi miwili."

Alimpigia tajiri simu, dada yake akiwa kando.

"Mzee, nilikudanganya. Siwezi."

"Ulisema chakula kinastahili. Na hilo pia uongo?"

"Hilo ni kweli, na sasa ndiyo najua kwa nini. Samaki nitawakata. Bei yake iko kwenye wali, na wali siujui. Nipe miezi miwili niuoshe mchele wa huyu mama."

"Na jiko langu?"

"Mpe msaidizi wangu."

"Sikiliza vizuri. Ukirudi hujui, kofia inabaki kwake, na wewe utapokea amri zake."

"Nimekubali, mzee," alisema Jenerali.

Miezi hiyo ilimwendea kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Kila asubuhi aliosha, akapika bila kufunua kifuniko, akauchanganya wali na siki ndani ya beseni la mbao huku akiupepea upoe. Kila mchana mama aliuonja wali wa Jenerali, kisha ukaliwa na wao wawili; wateja walipewa wa mama. Mkewe alipiga simu akilia. "Watu wanasema umefukuzwa, sasa unaosha vyombo ng'ambo."

"Na vyombo pia naosha, mama watoto," alimjibu. "Niombee."

Zikabaki siku tano, kisha nne. Wali wake bado uliishia kwenye bakuli zao wawili, na usiku aliota kofia yake kichwani kwa mwingine. Siku ya tatu kabla ya safari, mama alichota punje chache kutoka kwenye beseni lake, akatafuna. Jenerali akanyoosha mkono achukue bakuli kama kawaida.

Mama hakumpa bakuli. Alilibeba beseni lile mpaka kwenye kaunta, akafinyanga tonge, akamwekea mzee mmoja aliyekula pale tangu mgahawa ufunguliwe. Jenerali alisimama nyuma ya pazia la jikoni, akichungulia. Mzee yule alitafuna polepole. Alifumba macho, akayafumbua, akasubiri tonge la pili kama alivyolisubiri siku zote. Hakugundua chochote.

"Osha mwingine," mama alisema bila kugeuka. "Huu hautatosha."

Jenerali alijifuta macho kwa aproni, akamimina mchele kwenye beseni, akapinda mgongo juu ya karo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.