Ziwa Alilochagua Mdiria

Paukwa!

Pakawa!

Wale wa nyuma mmeshalala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, ndege na wanyama wavuvi walikuwa na mashindano yao. Mara moja kwa mwaka, mvua zikikatika, walikutana ziwani kuvua samaki. Kila mmoja alileta samaki mmoja tu. Refa alikuwa Mzee Kobe. Aliwalaza samaki juu ya gogo, akawapima kwa hatua zake, moja... mbili... tatu... mpaka watu wakasinzia. Mwenye samaki mkubwa alishangiliwa. Kisha samaki wote waliingia chungu kimoja, na watoto wote wakala wakashiba.

Walikuwa na desturi mbili. Aliyeshika mkia mwaka huu ndiye aliyechagua ziwa la mwaka ujao, apate japo faraja. Lakini aliyeshika mkia mara tatu mfululizo hakushindana tena. Alikaa ukingoni, akawashikia wenzake mizigo.

Basi, kulikuwa na Mdiria, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu. Mwaka juzi alishika mkia. Mwaka jana akashika mkia. Na Mdiria aliyapenda mashindano yale kuliko kitu chochote! Akiwaza kukaa ukingoni kushika mizigo, machozi yalimlengalenga.

Kwa kuwa yeye ndiye wa kuchagua, wageni hawakukatika mlangoni kwake.

Akaja Mwari, mwenye mfuko chini ya mdomo. "Hujambo mwanangu? Umenawiri! Sasa sikiliza shangazi yako. Chagua ziwa lenye kina."

Akaja Furukombe, mwenye kucha kali. "Ndugu yangu, chagua lenye miti mirefu. Nisipokaa juu, nitaona nini?"

Akaja Fisi Maji, ameloa chapachapa. "Matete, kaka! Mimi bila matete navuaje?"

Mdiria akawajibu wote, "Nimesikia." Akaruka kwenda kutazama maziwa. La kwanza lina kina, halina matete. La pili lina matete, halina miti. Akaruka, akaruka. Siku ya saba akaliona moja nyuma ya kilima. Kina katikati, matete kando, miti mirefu ukingoni, sangara tele! Lilimfaa kila mtu. Kila mtu, ila Mdiria. Sangara wa humo walikuwa wakubwa kuliko yeye mwenyewe.

Na upande wa huku wa kilima kulikuwa na kijiziwa kiitwacho Kiganja. Maji yake hayakumfika Kobe shingoni. Samaki wake ni dagaa watupu. Mdiria akautazama mdomo wake. Akawatazama dagaa. Akatabasamu.

"Mwaka huu," akatangaza, "ni Kiganja!"

Msimcheke. Humu ndani nawajua wanaojipakulia kwanza.

Siku ikafika. Ngoma ikalia, ti! Mwari akajitosa, chubwi! Akaibuka na mfuko umejaa tope. Furukombe akashuka, puu! Kucha zikanasa topeni, akabaki amesimama wima kama mwiko kwenye ugali. Fisi Maji akapiga mbizi, akaibuka na chura.

"Niache!" Chura akafoka. "Mimi si samaki, na hapa ni kwangu!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mdiria akasimama hewani, mabawa pepe, pepe, pepe. Akashuka, chwi! Akatoka na dagaa. Kobe akaanza kumpima dagaa, hata hatua moja haikutimia. "Mshindi ni Mdiria!" Vigelegele! Mdiria akatunisha kifua.

Dagaa akatiwa chunguni. Mmoja. Akaelea peke yake kwenye maji yanayotokota. Watoto wakaja na mabakuli yao, wakachungulia.

Mtoto wa Mdiria akauliza, "Baba, umeshinda?"

"Nimeshinda, mwanangu."

"Mbona tuna njaa?"

Swali lile lilimchoma Mdiria. Kifua kikanywea. Aliona aibu hata akashindwa kuwatazama wale watoto usoni. Akarukia juu ya gogo.

"Mzee Kobe, futa ushindi wangu! Nilichagua ziwa la mdomo wangu peke yake. Liko jingine nyuma ya kilima, linatutosha sote. Twendeni tukaanze upya."

"Ukishika mkia leo, unajua itakuwaje?"

"Najua, mzee wangu."

Wakabeba chungu, wakapanda kilima. Kobe alibebwa mgongoni na Fisi Maji, la sivyo wangefika mwaka unaofuata.

Mdiria akasimama hewani, pepe, pepe, pepe. Kutoka juu aliona kila kitu. "Shangazi, kushoto kwako! Furukombe, chini ya mti ule! Fisi Maji, matete yanatikisika!" Chubwi! Puu! Chubwi! Sangara juu ya sangara! Alielekeza mpaka sauti ikamkauka. Alipojikumbuka, muda umekwisha karibu wote. Akapata dagaa mmoja.

Kobe akapima. Wa kwanza, Mwari. Wa mwisho, Mdiria. Mara ya tatu hiyo.



"Desturi ni desturi," akasema Kobe. "Mdiria, hushindani tena."

Mdiria akainamisha kichwa.

"Ila mizigo hutashika. Mgongo wenyewe huo, utabeba nini? Kuanzia leo wewe ndiye mchagua ziwa wetu. Mwaka ujao, na mwaka ule mwingine, na miaka yote. Na tukishuka majini, wewe utakuwa juu, utuelekeze."

Loo! Vigelegele vilivuka kilima, hata Chura wa Kiganja akavisikia. Mdiria alicheka huku analia. Mwanawe alikula mpaka akalala na mkia wa samaki mdomoni.

Ndiyo maana hata leo, ukimwona mdiria amesimama hewani juu ya maji, pepe, pepe, pepe, usimrushie jiwe. Yuko kazini.

Nanyi mkipewa kuwachagulia wengi, chagueni kitakachowafaa wengi, hata kama ninyi hamtashinda.

Hadithi yangu naiacha hapo, chunguni. Mwenye bakuli na ajipakulie.