Chui Aliyejibu Amina

Jamani, mpo?

Tupo.

Masikio mnayo?

Tunayo.

Na simu?

Mfukoni.

Basi mmenizidi uaminifu. Yangu iko mkononi, na tangu tumalize kuimba nimeshaichungulia. Mungu anisamehe, nanyi mnivumilie, maana ngano hii inaanza na mimi mwenyewe.

Zamani, ila si zamani sana, kwa kuwa mtandao ulikuwa umeshafika, wanyama wa mlimani walikuwa na grupu lao la maombi. Mwenye shida aliandika, wenzake wakamwombea. Siku moja Chui akaomba aingizwe. Akatuma picha yake anatafuna majani, na chini yake maneno: "Wapendwa, nimeokoka. Nyama nimeacha." Wanyama wakamtumia mioyo myekundu mpaka simu zikawa nzito.

Tangu hapo hakuna aliyejibu upesi kama Chui.

Swala akaandika, "Wapendwa, mniombee. Naenda kliniki, mwanangu nimemwacha peke yake kwenye nyasi ndefu." Ting. Chui akajibu, "Amina, mpendwa. Mungu akutangulie." Swala aliporudi, mtoto hakuwepo. Wala ile kamba ya shanga za buluu aliyokuwa akivaa shingoni haikuwepo.

Kanga akaandika, "Wapendwa, mniombee. Niko msibani, mayai yangu yako chini ya mchongoma." Ting. "Amina, mpendwa. Mungu akutangulie." Kanga aliporudi, akakuta maganda.

Wanyama wakalia. Na aliyeandika pole ndefu kuliko wote ni Chui.

Sasa, Pimbi. Yule mdogo wa kwenye miamba, hana mkia, hana pembe, ana akili tu. Lakini naye alipenda kuonekana, kama sisi. Asubuhi ya kwenda kongamano la akina mama akawavalisha wanawe nguo za Jumapili, akawapiga picha mlangoni, akaandika: "Wapendwa, mniombee safari. Hawa wazuri wangu nimewaacha wenyewe, jiwe lenye ufa, upande wa korongo." Akaondoka. Akavuka mto. Akafika, akaketi, akafungua Biblia.

Ting.

"Amina, mpendwa. Mungu akutangulie."

Pimbi akatabasamu. Kisha tabasamu likamkauka. Akarudi kwenye meseji za nyuma, akisoma kwa kidole. Swala, Amina. Kanga, Amina. Na sasa yeye.

Akafunga Biblia. Kurudi nyumbani, hata akikimbia, jua litakuwa limesogea sana. Akipiga kelele kwenye grupu, Chui naye atasoma. Na chaji yake ilikuwa imefika kwenye alama nyekundu.

Akamwandikia Nyati pembeni, wao wawili tu: "Bibi, Chui yuko kwangu anataka watoto. Njoo na wenzako. Kwenye grupu usiandike chochote."

Kisha akaandika kwenye grupu: "Mtumishi Chui, moyo wangu umelemewa. Tuombee mubashara, tukuone uso."

Kweli Chui alikuwa ameshafika. Kwaruu, kwaruu, anafukua udongo wa ufa. Ndani watoto wanalia, nyii, nyii. Ting. Akasoma. Akatazama ufa, akatazama simu.

"Nyama iko ndani, haina pa kwenda," akajisemea. "Ila kutazamwa na grupu zima nikiomba, si kila siku."

Akaiegemeza simu kwenye jiwe, akajifuta udongo wa makucha, akajirusha mubashara.

Pimbi akamwona. Nyuma ya masikio ya Chui akaliona jiwe lake mwenyewe, na kitenge chake alichokianika asubuhi.

"Bwana asifiwe, wapendwa," akasema Chui. "Bwana, walinde watoto wa Pimbi. Amina."

Pimbi akaandika: "Mtumishi, sauti imekata. Rudia."

"Bwana, walinde watoto wa Pimbi. Amina."

"Mtumishi, sisi tulio mbali hatukusikii. Paza sauti."

"BWANA, WALINDE WATOTO WA PIMBI."

"Mtumishi, mbona unaomba macho wazi? Walio wachanga wa imani wanakwazika."

Chui akaona haya. Akafumba macho. Akainua mikono yote miwili, akaachama, akanguruma maombi mpaka korongo likaitika. Na kinywa kilipofunguka vile, kila aliyekuwa akitazama akaona kitu kimenasa kati ya meno. Kidogo, cha buluu.

Swala akaandika: "Ushanga wa mwanangu."

Chui hakusoma, alikuwa amefumba macho. Huko bondeni, gidi, gidi, gidi. Hakusikia, alikuwa akipaza sauti. Kwenye simu vumbi likaonekana nyuma yake, likakua, likawa na pembe.

"Endelea, mtumishi," akaandika Pimbi. "Tunabarikiwa."

Hapo simu yake ikazima.

Alikimbia, masikini. Alivuka mto bila kutafuta jiwe la kukanyaga. Alipanda mlima akiita majina ya wanawe. Akafika, akakuta kitenge kimekanyagwa, udongo umetimuliwa, na alama za mwili mzito ulioburutwa hadi ukingoni mwa korongo. Nyati amesimama ufani, anahema.

"Wanangu, mpo?"

Akaweka mdomo kwenye ufa.

"Wanangu, mpo?"

"Tupo, Mama," sauti ikatoka ndani. "Kuna mtu alikuwa anatuombea."

Ngano imefika mlangoni kwake. Anayeitaka aingie nayo, asiyeitaka aniachie mimi.

Funzo lake ni hili. Chui aliomba watoto wa Pimbi walindwe, na wakalindwa. Basi msimdharau mwombaji yeyote, hata mwenye makucha.

Mnacheka. Haya, chekeni, ila jana nami nilituma picha ya wajukuu wangu na njia wanayopita kwenda shule, nikaandika mniombee. Mungu anaijua njia ile bila picha.

Dada Namsifu, nishikie simu hii mpaka tumalize kusali. Nikikuomba, usinipe.