Kikapu cha Mbegu

"Nondo hana meno, na bado hutoka." Mzee Mwandawiro aliwaambia hivyo vijana wa karakana ya hariri alipowakuta wakivuta fundo kwa hasira. Walipomuuliza msemo huo umetoka wapi, aliuweka uzi chini. Ulianza hivi, akasema, na asinikatize mtu.

Huko milima ya Taita, mwanamke aitwaye Mghoi alifuga viwavi wa hariri. Ufugaji huo aliuanzisha mamake, Bibi Mkawasi, ambaye sasa alikuwa kipofu, yu kitandani, pumzi zikimwendea kwa shida. Ombi lake lilikuwa moja tu: azikwe uso ukiwa umefunikwa kwa hariri ya viwavi wake mwenyewe.

Mwaka ule maradhi yaliwafagia viwavi. Vilibaki vikapu viwili vya vifuko, zile nyumba anazojisokotea kiwavi. Kimoja kilikuwa cha kazi, kingine cha mbegu, na kikapu cha mbegu kilikuwa mwiko kuchemshwa, kwa kuwa ndimo wanamotoka nondo, wale vipepeo wanaotaga mayai ya mwaka ujao.

Bintiye Mghoi, Wakesho, alikuja kutoka chuo kikuu na kompyuta yake. Miaka miwili alikuwa akiyachunguza mate ya nondo.

"Ndani yake mna kimeng'enya, mama. Kinayeyusha gundi ya kifuko na kuuacha uzi mzima."

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na picha yake, kitu kama donge la nyuzi lenye mwanya uliokuwa ukifumbuka na kujifumba. Mghoi hakukipenda.

"Kinapumua," alisema.

"Hakipumui. Kompyuta inakadiria tu kinavyojongea."

Lakini Mghoi alitega sikio kuelekea kitanda cha mamake, akaona mwanya ule ukifumbuka kila alipovuta pumzi. Hofu ilikuwa imemwingia.

Wakesho alimpa kichupa cha kimeng'enya hicho, walichokitengeneza wenzake wa chuoni kwa kufuata hesabu zake. "Maji yawe vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto. Yakichemka kinakufa. Kisha usubiri hadi kesho."

Wakesho alipokwenda mtoni, pumzi ya Bibi ilikwama, ikarudi. Kesho ilikuwa mbali mno. Mghoi alichochea kuni kama alivyozoea maisha yake yote, akatia vifuko vya kikapu cha kazi katika maji yanayotokota na kumimina karibu kichupa chote. Gundi haikutoka. Akatia magadi, akaongeza tena, mpaka uzi wote ukamwozea mikononi.

Wakesho aliporudi alimkuta ameshika kikapu cha mbegu juu ya sufuria.

"Mama, hicho ni mwiko."

"Atazikwa na nini?"

Hapo ndipo walipousikia mlio mdogo wa kugonga ndani ya kikapu. Ta. Ta. Ta.

"Wanabisha hodi," Bibi alisema kutoka kitandani. "Usiwafungulie, mwanangu. Wao hawana hata meno, na bado hutoka. Keti."

Mghoi akaketi. Doa la unyevu lilitokea kwenye kila kifuko, likapanuka taratibu, na nondo weupe wakajisukuma nje bila kukata kitu. Hakuna aliyeruka. Walitambaa juu ya mkeka, wote upande mmoja, wakapanda blanketi la Bibi na kutulia.

Vifuko vilivyoachwa wazi vikalowekwa katika maji vuguvugu pamoja na matone yaliyobaki. Asubuhi uzi ulikuwa mweupe, laini. Mghoi aliusokota kwa mkono, akafuma kitambaa kisichozidi leso. Bibi alikipitisha shavuni.

"Ndicho," alisema.

Siku ya tatu alifariki, wakamfunika uso. Mghoi alikesha kando yake na bintiye, akilia, na kitambaa hakikuguswa na mtu. Kulipokucha waliona doa dogo la unyevu, la mviringo, kama yale ya vifuko, pale penye mdomo. Wakesho alitafuta neno la kitaalamu akalikosa. Mghoi hakulia tena. Alilitazama lile doa, akasema polepole:

"Nondo hana meno, na bado hutoka."