Ameendelea, Aendelee

Kwaru!

Mmeisikia? Sauti moja tu, usiku, kutoka chini ya ardhi. Aliyeisikia aniitikie. Paukwa!

Pakawa!

Watoto wameitika, watu wazima mmebana midomo. Tena! Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani, zamani ile wanyama walipokuwa na chuo na sisi bado hatuna, palikuwa na Fuko mmoja jike, mdogo wa mwili, mrefu wa kucha. Sauti ile ilikuwa yake. Alichimba miaka saba. Alichimba handaki kutoka Jabali la Profesa Nyani hadi bonde la ndago, vile viazi vidogo vitamu vinavyojificha chini ya majani. Ndiyo kazi aliyopewa siku aliyoingia chuoni: toboa njia mpaka bondeni, ukitoboa umehitimu. Na usiku ule, kwaru, ukucha wake ukatokea upande wa pili, ukagusa hewa. Hewa baridi. Hewa ya bondeni. Fuko akakaa kitako gizani, akacheka peke yake, akalia peke yake.

"Nimemaliza," akasema. "Kesho nitarudishiwa jina langu."

Jina? Ndiyo, jina. Chuo kile kilikuwa na desturi yake. Mwanafunzi akiingia, humnong'oneza msimamizi wake jina alilopewa na mama yake, na msimamizi huliweka chini ya ulimi. Tangu hapo halitajwi. Mwanafunzi huitwa mwanafunzi, basi. Siku msimamizi atakapolitaja mbele ya baraza, papo hapo mwanafunzi amehitimu, ni huru, aende atakako. Kwa hiyo msiniulize Fuko aliitwa nani. Ngojeni, kama alivyongoja yeye.

Mwaka wa nne mama yake alikuja kumtazama. Alitembea siku tatu. Akafika langoni, akamtaja mwanawe. Nungunungu, bawabu, akafungua daftari, akapekua, akafunga.

"Mama, hapa hakuna mwenye jina hilo."

Mama akageuka, akarudi alikotoka. Fuko aliambiwa wiki mbili baadaye. Alirudi shimoni akachimba, lakini tangu siku ile jina lilimuwasha kifuani kama upupu.

Sasa, kila mwaka mvua zikikatika, chuo kilifanya Tathmini ya Maendeleo. Jina refu, kazi fupi! Kiboko, Mwenyekiti wa Baraza, huketi matopeni, jicho moja wazi, jicho moja limelala. Msimamizi husimama. Mwanafunzi huketi kimya, kwa sababu sheria ilisema: mwanafunzi hafungui kinywa wala hanyanyui ukucha mbele ya baraza mpaka aitwe kwa jina. Tathmini ni yake, na haruhusiwi kusema!

Kiboko huuliza, "Yupo?"

Nyani, msimamizi wa Fuko, hujibu, "Yupo."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Ameendelea?"

"Ameendelea."

"Basi aendelee!"

Na wanafunzi wenzake hupiga makofi. Pa! Pa! Pa!

Mwaka wa kwanza, ameendelea, aendelee. Mwaka wa pili, ameendelea, aendelee. Mwaka wa tatu Fuko alifurahi, alidhani anasifiwa. Mwaka wa tano akaanza kuelewa. Maana kila alipochimba alikuta ndago, na kila ndago aliyoikuta aliiweka mdomoni mwa handaki, na kila asubuhi Profesa Nyani alikuja kuikagua. Aliikagua kwa meno. Je, Fuko akihitimu, nani atamletea Profesa ndago? Ndiyo maana alimsifu. Alimsifu kila mwaka, tena kwa sauti kubwa!

Basi kulipokucha, Fuko akamkuta Nyani mdomoni mwa handaki, shavu limevimba chakula.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanafunzi wangu."

"Nimetoboa, Profesa. Jana usiku. Hewa ya bondeni nimeigusa."

Nyani akaacha kutafuna. Akameza. Kisha akachanua meno yote. "Hongera! Haya ni maendeleo makubwa sana. Twende barazani."

Maendeleo! Fuko akalisikia neno lile, akamfuata akiburura kucha.

Barazani wanafunzi walikuwa wamejaa, arobaini na zaidi, kila mmoja na miaka yake mgongoni. Kiboko akapiga mwayo.

"Yupo?"

"Yupo, Mheshimiwa."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Ameendelea?"

"Ameendelea mno!"

"Basi aende..."

"Samahani, Mheshimiwa Mwenyekiti." Aliyekatiza ni Nguchiro, mjumbe mpya, ambaye bado hakuwa amejifunza kusinzia. "Hilo handaki limefika wapi?"

Swali kama lile halijawahi kuulizwa. Kiboko akafungua jicho la pili.

"Limefika... mbali," akasema Nyani. "Ila kuna kona moja ya kushoto inanitia wasiwasi. Anahitaji mwaka mmoja zaidi. Au miwili hivi."

Kona! Handaki la Fuko lilinyooka kama uzi uliovutwa. Fuko akafungua kinywa.

"Wewe!" akanguruma Kiboko. "Umeitwa?"

Fuko akafunga kinywa.

"Wewe mwenyewe umewahi kuingia, Profesa?" akauliza Nguchiro.

"Mimi? Handaki lile ni fikra yangu! Nalijua kama kiganja changu!"

"Basi tuonyeshe hiyo kona."

"Sasa hivi?"

"Jabali si lile pale?"

Wanafunzi wakaanza kunong'onezana. "Leo kuna mambo!" "Nyani ataingia?" "Thubutu!" Nyani akawasikia. Heshima ikampanda kichwani, na heshima ikipanda akili hushuka. Akatembea mpaka jabalini, kifua mbele, baraza zima nyuma yake. Mdomo wa handaki ulikuwa mpana, kwa sababu Fuko aliupanua ili Profesa akaguapo asijikwaruze. Ndani handaki lilibana, likawa na upana wa Fuko tu. Hilo Nyani hakulijua. Angelijuaje? Hakuwahi kuvuka pale ndago zilipowekwa.

Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Akasukuma. Akasukuma tena. Kwi! Akanasa.

Nusu ya profesa ndani, nusu ya profesa nje. Na nusu ya nje, jamani, mnaijua nusu ya nje ya nyani. Nyekundu pyu! Ilielekea baraza moja kwa moja.

"Hiyo ndiyo kona ya kushoto?" akauliza Nguchiro.

Wanafunzi wakaangua kicheko. Hata waliozoea kupiga makofi walishika mbavu.

Kiboko akaushika mkia akavuta. "Mkia! Mkia wangu!" Ukelele ukatoka ardhini. Mchanga ukaanza kumwagika kutoka juu. Chururu. Chururu. Kila akivutwa, mchanga unamwagika. Pale palihitaji anayezijua kuta zile, ajuaye pa kugusa na pa kuacha, na mnyama huyo alikuwa mmoja tu.

"Mwanafunzi wangu!" Nyani akaita. "Nichimbue!"

Wanafunzi arobaini wakaitika, "Yupi?"

"Yule mdogo!"

"Wadogo tuko wengi, Profesa!"

"Wa mwaka wa saba!"

"Tuko watatu!"

Fuko alikuwa hatua mbili kutoka shimoni. Kucha zilimcheza. Miaka saba zilizoea kwenda mbio zikisikia sauti ile. Akazikunja, akazikalia.

"Mwambie achimbe!" Kiboko akamfokea Nguchiro.

"Nimwambieje, Mheshimiwa? Hanyanyui ukucha mbele ya baraza mpaka aitwe kwa jina. Sheria ni yako. Baraza si hili hapa?"

Kiboko akafunga jicho moja, akafikiri, akauachia mkia.

Chururu. Mchanga ulimfikia Nyani kidevuni.

"Mtafiti mwenzangu!" akalia. Fuko akazikalia kucha. "Binti yangu!" Akazikalia. "Nitakupa mapumziko! Siku mbili! Ndago zigawanywe nusu kwa nusu!" Akazikalia. Alikuwa tayari kutoa kila kitu isipokuwa kile kidogo kilichokuwa chini ya ulimi wake. Huko gizani aliziona ndago zote za kesho na kesho kutwa zikiondoka moja moja.

Puu! Bonge la udongo likamwangukia kisogoni.

Nanyi mnaosikiliza, wakubwa kwa wadogo, funzo lichukueni sasa hivi, maana hamtanisikia tena baada ya kelele zitakazofuata. Anayemsifu mwenzake kila mwaka ili asimalize, hamsifu, amemfunga. Na anayesifiwa hivyo asipige makofi, aulize atafunguliwa lini.

Hadithi yangu naikomesha hapa, mdomoni mwa handaki, pale Profesa Nyani alipotema mchanga, akavuta pumzi iliyobaki, akalitoa lile jina la chini ya ulimi kwa kelele iliyosikika mpaka langoni kwa Nungunungu:

"Mashavu!"