Ngoma Iliyopigwa Siku ya Sita

Mmekula maharage yangu, mmekomba sufuria, sasa mnataka na hadithi. Mama zenu hawana midomo? Haya. Lakini mwishoni nitauliza swali, na atakayenijibu "sijui, bibi" ndiye atakayeosha vyombo.

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, hata mimi sikuwepo, mwanamume wa mlimani aitwaye Sekivunga alioa mwanamke wa bondeni aitwaye Mwantumu. Walipendana. Hilo sina la kusema.

Sasa watu wa mlimani walikuwa na desturi yao. Mtoto akifanya jambo, baba yake anapanda juu ya kichuguu na kupiga ngoma. Mtoto kaua chui, ngoma. Mtoto kajenga banda, ngoma. Baba ambaye ngoma yake haikulia mwaka mzima, kwenye karamu hukalishwa nyuma, karibu na mbwa, akapewa shingo ya mbuzi. Na ngoma ikishalia, kazi iliyotangazwa lazima ionekane siku hiyohiyo, la sivyo baba huitwa mwongo mpaka kaburini. Walisema wanawapenda sana watoto wao. Naam, kama mchuma matunda anavyoipenda ngazi.

Watu wa bondeni walikuwa wafinyanzi, nao walikuwa na yao. Kwao chungu hakisemwi mpaka kitoke motoni, na mtoto hasemwi kabisa. Ukimsifu mtoto, mama yake anatema mate pembeni, anasema, "Huyu? Hata uji unamshinda." Mtoto mwema kwao ni yule ambaye majirani hawana hakika kama yupo. Nao walisema wanawapenda watoto wao. Naam, kama bahili anavyoipenda nyama: chini ya kapu.

Sekivunga na Mwantumu wakajaliwa binti mmoja, Nakiete. Mmoja tu, awafurahishe wote wawili. Pole yake.

Huyo Nakiete alikuwa na mikono. Mwaka mmoja bwawa la mlimani likaanza kuvuja, na mifereji yote ilitegemea bwawa hilo. Wazee wa mfereji wakakaa, wakanywa pombe, wakasikitika. Binti akawaambia, "Wajomba zangu wa bondeni wamenifundisha udongo. Nitalikandika bwawa hili kama chungu." Akakandika mwezi mzima, magoti yakachubuka. Alipomaliza akasema, "Udongo ukauke siku tisa. Kabla ya siku tisa, maji yasiuguse."

Siku tisa. Hata mimi niliyeishia darasa la pili naweza kuhesabu tisa.

Siku ya sita, jirani yao Mshighati akapanda kichuguu chake akapiga ngoma. Kisa? Mjukuu wake kaota jino. Jino! Sekivunga akasikia, akasukuma ugali pembeni. Akachukua ngoma yake, akapanda, akaipiga mpaka jasho likamtoka. "Binti yangu kamaliza bwawa! Njooni mwone maji!"

Watu wakaja, na vibuyu, na vigelegele, na njaa.

Nakiete alikuwa bwawani. Akaona ufa mwembamba kama unywele, upande wa chini. Akamkimbilia baba yake.

"Baba, bado siku tatu. Kuna ufa."

"Ufa gani? Mimi nimeshapiga ngoma."

"Baba, udongo hausikii ngoma."

"Mwanangu, unataka nikakae na mbwa? Mshighati anatazama. Fungua maji."

Akamkimbilia mama yake, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu wote, kanga mdomoni.

"Mama, waambie. Wewe ni mfinyanzi, ufa unaujua."

"Nisimame mbele ya wakwe zangu niseme habari za kazi ya mwanangu? Wajomba zako watasema sikukulea. Nyamaza, mama. Mtoto mwema hajisemi, wala kwa zuri wala kwa baya."

Basi Nakiete akawatazama, mmoja mbele, mmoja nyuma. Akaenda kwenye mfereji, akaliondoa gogo lililozuia maji, kwa mikono yake miwili. Maji yakaingia. Bwawa likajaa. Watu wakashangilia. Walikuwa bado wanashangilia bwawa lilipopasuka.

Chini ya bwawa palikuwa na shamba la mjane mmoja, Namboza. Magimbi yake yakaenda, jiko likaenda, mbuzi watatu wakaenda, na udongo mweusi wote wa shamba ukaenda. Likabaki jiwe. Msiniletee ile methali ya ufa na ukuta. Pale kila mtu aliijua.

Wazee wa mfereji wakakaa tena. Hawa kwa kukaa walikuwa hodari. Namboza akasimama.

"Magimbi yangu sikuyapigia ngoma wala sikuyaficha. Niliyapanda nile. Nani atanirudishia udongo wangu?"

Sekivunga akasema, "Mimi nilipiga ngoma tu. Ngoma haipasui bwawa. Nimefanya afanyalo kila baba wa mlimani, na ninyi wazee mlikuja na vibuyu vyenu."

Mwantumu akasema, "Mimi sikusema neno. Tangu lini aliyenyamaza akashtakiwa?"

Nakiete akasema, "Ni kweli gogo niliondoa mimi. Lakini nilisema kwa baba, nikasema kwa mama. Nisingeliondoa, baba angeitwa mwongo. Ningepiga kelele, mama angeitwa asiye na adabu. Niambieni, wazee, nilikuwa na mlango wa tatu?"

Wajomba wa bondeni, waliopanda kusikiliza shauri, wakamtazama. Baba wadogo wa mlimani wakamtazama. Na watu hao, ambao tangu siku ya harusi hawakuwahi kupatana hata juu ya chumvi ya mchuzi, siku hiyo wakapatana: mwenye kosa ni aliyeliondoa gogo.

Nakiete akapewa kapu. Akabeba udongo kutoka mtoni mpaka shambani kwa Namboza, mvua mbili na kiangazi katikati. Hakukandika tena. Ile mikono iliyojua udongo ikasahau kila kitu isipokuwa uzito wake.

Siku moja Namboza akamwambia, "Binti, ungenipigia mimi ukelele. Mimi si baba yako wala si mama yako."

Nakiete akatua kapu. "Wewe, bibi, hukunijia akilini hata kidogo."

Alipomwaga kapu la mwisho, Sekivunga akapanda kichuguu akapiga ngoma: "Binti yangu kajaza shamba zima peke yake!" Na Mwantumu akatema mate pembeni: "Huyu? Hata kapu linamshinda."

Haya. Kuna aliyepiga ngoma, kuna aliyenyamaza, kuna aliyeondoa gogo. Je, nani alistahili kubeba lile kapu? Na msiniambie "wote." Kapu lilikuwa moja.